Mashine ya Baba Haitoi Cheche

FUNDI: Haloo? Haloo! Ni nani?

NAHODHA: Ni mimi, shemeji. Shikamoo.

FUNDI: Marahaba... nani? Ongeza sauti! Hapa jirani anakata vyuma. [chuma kinalia] Ngoja nisogee huku kwenye matairi. Haya. Nani mwenzangu?

NAHODHA: Mdogo wa mkeo. Wa boti.

FUNDI: Aa, Nahodha! Si useme. Namba hii siijui.

NAHODHA: Laini mpya. Ile ya zamani iliingia majini pamoja na simu yake.

FUNDI: Lini?

NAHODHA: Juzi.

FUNDI: Mbona dada yako hakuniambia?

NAHODHA: Kisimu changu kikizama, nani atatangaza? Si meli ile, shemeji.

FUNDI: [anacheka kidogo] Haya bwana. Za gatini?

NAHODHA: Nzuri nusu. Nimekupigia kwa ajili ya maneno ya Mama Sabuni.

FUNDI: Mama Sabuni yupi?

NAHODHA: Jirani yetu hapa gatini, wa kibanda cha pili, anayeuza sabuni za kufulia. Anasema jana mchana, watu wote tumekwenda kula, alikuona kwenye boti yangu. Anasema ulivua viatu ukavipanga vizuri pembeni, kama mtu anayeingia ukweni. Ukapanda. Ukafungua boneti ya mashine, ukainama hapo kwa muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Ukafunga. Halafu, anasema, ukaipangusa kwa leso, taratibu, kama unamfuta mtoto makamasi. Ukavaa viatu ukaenda zako, hukumsalimia mtu.

FUNDI: Mama Sabuni.

NAHODHA: Ndiyo.

FUNDI: Huyu huyu aliyempigia mbuzi magoti akidhani ni mwenyekiti wa gati?

NAHODHA: Mbuzi alikuwa amekalia kiti cha mwenyekiti, shemeji. Yeyote angekosea.

FUNDI: Macho yake yana ukungu yule mama.

NAHODHA: Yana ukungu, sawa. Lakini viatu kavitaja. Vyeusi, cha kushoto kimeshonwa kwa waya.

FUNDI: Viatu vilivyoshonwa kwa waya viko vingi mjini. Sasa anadai nini, nimeiba?

NAHODHA: Hajasema umeiba. Nimehesabu kila kitu, haijapungua hata skrubu. Ila tangu saa mbili asubuhi navuta kamba, shemeji. Bega limelegea kama kitasa kibovu. Mashine haiwaki.

FUNDI: Leo?

NAHODHA: Leo.

FUNDI: Zamu yako si kesho?

NAHODHA: Nimebadilishana.

FUNDI: Na nani?

NAHODHA: Na mtu.

FUNDI: Mtu ana jina.

NAHODHA: Na mashine ina ugonjwa. Tuanze na lipi?

FUNDI: Una abiria?

NAHODHA: Ninao.

FUNDI: Wangapi? Sisikii makelele. Abiria wako huwa wanagombea viti kama kuku wanaogombea punje, leo wamekuwa mabubu?

NAHODHA: Wamenuna. Ungekaa juani saa tatu nzima na wewe ungenuna. [anafunika simu kwa kiganja] Dada, kaa. Ukisimama boti inayumba, na huyu anasikiliza hata maji. Kalia begi lako. Kwa shangazi tutafika, tulia. [anaachia] Haloo?

FUNDI: Ulikuwa unaongea na nani?

NAHODHA: Na abiria. Anataka arudishiwe nauli.

FUNDI: Mrudishie. Funga kamba, nenda kalale. Kesho nitapita na plagi mpya.

NAHODHA: Kwa nini plagi? Hujaniuliza hata inagomaje.

FUNDI: Mashine ya zamani ikigoma ni plagi. Ile mzee wenu kaiacha akaenda kaburini, unategemea nini? Hata mbuzi wa—

NAHODHA: Mafuta yanafika, shemeji. Plagi zinatoka zimelowa chepechepe. Nimezikausha. Nimezirudisha kwenye kofia zake, nikazilaza juu ya chuma, nikavuta kamba. Hakuna cheche. Ya juu hakuna, ya chini hakuna.

FUNDI: Jua kali. Cheche mchana haionekani.

NAHODHA: Nilijifunika shuka. Mimi na plagi ndani ya shuka, kama mtu anayejifukiza mafua. Giza totoro. Nikavuta mpaka abiria wakadhani nimepandwa na mashetani. Hakuna.

FUNDI: Basi zimekufa.

NAHODHA: Zote mbili, siku moja, saa moja? Hata mapacha hawafi hivyo.

FUNDI: We mtoto umekuwa mbishi siku hizi. Nani anakufund— [chafya ya mtu] Nani huyo?

NAHODHA: Nani?

FUNDI: Aliyepiga— [chafya] — chafya. [chafya]

NAHODHA: Abiria. Petroli inamwasha.

FUNDI: Tatu.

NAHODHA: Tatu nini?

FUNDI: Kapiga tatu. Moja, halafu mbili za kufuatana. Mimi nimelala kitanda kimoja na chafya hiyo miaka sita.

NAHODHA: Shemeji, abiria nao wana pua. Utazihesabu pua za watu wote?

FUNDI: Dada yako kaniaga anakwenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni. Kutoka nyumbani mpaka pale ni dakika kumi na moja. Nimempigia fundi cherehani. Hajafika. Dakika hamsini sasa.

NAHODHA: Labda kapitia mahali.

FUNDI: Wapi?

NAHODHA: Mimi niko majini, nitamwonaje aliye barabarani? Tuendelee na mashine. Basi kama huna nafasi, usijali. Nitamwita Fundi Redio.

FUNDI: Nani?

NAHODHA: Fundi Redio. Yule mwenye miwani.

FUNDI: Anayetengeneza redio za kuokota?

NAHODHA: Kapita hapa asubuhi, kachungulia. Anasema koili zimekufa. Anasema, samahani lakini, zilifungwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda chooni.

FUNDI: Kasema hivyo?

NAHODHA: Mbele ya abiria.

FUNDI: Yule... yule aliyefunga spika ya msikitini ikawa inatoa taarabu? Sikiliza. Koili zile nimezifunga kwa mikono hii. Nimezipima, nikazikausha juani siku mbili, nikazipaka gundi nyeusi maji yasiingie. Zile koili zitatuzika wote, mimi na wewe na miwani yake!

NAHODHA: Anasema hata waya wa plagi umeoza ndani.

FUNDI: Waya upi umeoza! Waya wa shaba tupu, nilitoa kwenye mashine ya Mzungu! Hauna mwaka.

NAHODHA: Na waya wa kuzimia? Labda umegusa chuma, ndio maana—

FUNDI: Haujagusa. Uko safi, nimeuzungushia utepe.

NAHODHA: Kondensa?

FUNDI: Nzima! Mwambie hata alete koili za ndege ya abiria, hata avute na trekta, cheche haitoki!

NAHODHA: Kwa nini?

FUNDI: [kimya]

NAHODHA: Haloo?

FUNDI: Mtandao.

NAHODHA: Mtandao mzuri. Kwa nini haitoki, shemeji?

FUNDI: Nimesema tu. Ni usemi.

NAHODHA: Sawa. Mimi nimeishia darasa la saba, unisaidie kuhesabu. Koili nzima. Waya mzima. Wa kuzimia mzima. Kondensa nzima. Plagi nimezipima mwenyewe, chuma chake kizuri, rangi ya kahawia. Kilichobaki kutoa cheche ni nini?

FUNDI: Usifungue kitu.

NAHODHA: Zimebaki pointi.

FUNDI: Nimesema usifungue. Pointi si mchezo wa mtu asiyejua. Ukikosea nafasi yake kwa upana wa unywele, mashine inapiga teke, inakuvunja mkono.

NAHODHA: Baba alinifundisha. Vile vidole viwili vya chuma chini ya flaiwili, lile gurudumu linalozungushwa na kamba, vinagusana, vinaachana. Alikuwa anasema ni kama midomo ya mtu. Isipogusana na kuachana, neno halitoki.

FUNDI: Mzee alikufundisha kushika bisibisi na kunyamaza.

NAHODHA: Na kuangalia. Ukimnyamazisha mtu, shemeji, anabaki na macho.

FUNDI: Nakuja. Nipe nusu saa. Usiguse.

NAHODHA: Huna kazi?

FUNDI: Kazi ipo. Nitaiacha kwa ajili yako, shemeji yangu. Damu yangu.

NAHODHA: Dakika mbili zilizopita ulisema kesho.

FUNDI: Sasa nimesema leo!

NAHODHA: Shemeji.

FUNDI: Nini?

NAHODHA: Wewe una desturi yako. Ukimaliza kufunga mashine unachukua msumari, unakwaruza mstari mmoja, kuanzia kichwa cha skrubu mpaka kwenye bati. Ili fundi mwingine akifungua ujue, maana mistari haitakutana tena.

FUNDI: Kila fundi anajilinda.

NAHODHA: Na nyumbani pia. Mstari wa penseli kwenye chupa ya chai. Uzi kwenye komeo. Dada akichota kikombe cha maji mtungini lazima aeleze alikunywa na nani.

FUNDI: Usiingize mambo ya chumbani kwenye mashine.

NAHODHA: Niko kwenye mashine, shemeji. Hiki kibati kinachofunika flaiwili, skrubu tatu. Mwezi uliopita ulikwaruza mbele yangu, mistari ikakutana vizuri. Sasa naiangalia. Hakuna hata mmoja unaokutana. Mmoja umekwenda kushoto kama saa ya ukutani iliyokatika springi.

FUNDI: Kafungua Fundi Redio!

NAHODHA: Fundi Redio hajafika hapa leo wala jana.

FUNDI: Si umesema—

NAHODHA: Nimesema. Ulikuwa na haraka, nadhani. Umesahau kukwaruza upya.

FUNDI: Umenizuga.

NAHODHA: Tumezugana.

FUNDI: Haloo? Haloo, sikusikii, mtandao unakata kata...

NAHODHA: Mbona chuma hakilii tena?

FUNDI: Nini?

NAHODHA: Jirani yako anayekata vyuma. Kanyamaza.

FUNDI: Kaenda kula.

NAHODHA: Saa tano hii? Nasikia upepo, shemeji. Na pikipiki. Uko kwenye pikipiki.

FUNDI: Nakwenda kununua bolti.

NAHODHA: Nenda salama. Funga kofia. [anafunika simu] Dada, nipe bisibisi, ile ya mpini mwekundu. Hapana, usiangalie barabarani. Angalia mimi. Shika hizi skrubu mkononi, usizitie mdomoni. [anaachia]

FUNDI: Unafungua?

NAHODHA: Nafungua.

FUNDI: Sikiliza, mtoto wa watu. Nakuuliza mara moja. Dada yako yuko hapo?

NAHODHA: Skrubu ya kwanza imetoka.

FUNDI: Nakuuliza!

NAHODHA: Na mimi nilikuuliza mapema zaidi. Ulifanya nini kwenye mashine ya baba?

FUNDI: Nilisafisha.

NAHODHA: Hukuniambia kwa nini?

FUNDI: Mtu hafanyi wema mpaka apige ngoma?

NAHODHA: Ya pili imetoka. Wema wa kuvizia watu wakiwa kwenye chakula.

FUNDI: Ndiyo, nilivizia! Jana asubuhi nimefagia chumba mwenyewe. Begi chini ya kitanda, nimeliinua. Zito. Wiki iliyopita lilikuwa jepesi. Mke ana begi zito chini ya kitanda cha mumewe, mdogo wake ana boti. Mimi ni mjinga? Mimi niseme nini, nicheke?

NAHODHA: Ungemwuliza.

FUNDI: Ningemwuliza angesema anakwenda kwa shangazi.

NAHODHA: Labda ndiko.

FUNDI: Kwa hiyo yuko hapo!

NAHODHA: Nimesema labda. Ya tatu imetoka. Kibati hiki. Sasa nazungusha flaiwili taratibu, mpaka dirisha lake lije juu ya pointi... [chuma kinagonga kidogo] Hii hapa.

FUNDI: Nahodha. Shemeji. Kifunge hicho kibati, nikifika tunaongea kama watu.

NAHODHA: Kuna kitu.

FUNDI: Ni kipimo changu. Nilikuwa napima nafasi, nikasahau. Mafundi tunasahau.

NAHODHA: Kipimo chako ni cha chuma, kiko kwenye funguo zako. Hii ni karatasi. Umeikunja mara nne ukaibana katikati ya pointi. Midomo inauma karatasi, neno litatokaje? Imetoka. Ngoja nizungushe upande wa pili.

FUNDI: Usiikunjue.

NAHODHA: Kwa nini nisiikunjue?

FUNDI: Itupe majini tu. Uchafu.

NAHODHA: Ya pili hii hapa. Sawasawa na ya kwanza, kama zimepimwa kwa rula.

FUNDI: Nahodha, tupa.

NAHODHA: Ina maandishi. Ya mashine ya kuchapa.

FUNDI: [pikipiki inanguruma] Gazeti.

NAHODHA: Nisome polepole, mimi si msomaji. «...tunafurahi... kukujulisha kuwa... umechaguliwa... kazi ya mpishi, jiko la hospitali...» Hii ya pili: «...ufike tarehe kumi na saba, kabla ya saa nane mchana. Usipofika, nafasi atapewa...» Imekatikia hapo.

FUNDI: [honi ya pikipiki]

NAHODHA: Leo tarehe ngapi, shemeji?

FUNDI: [pikipiki inanguruma zaidi]

NAHODHA: Leo kumi na saba. [anafunika simu, lakini vibaya] Dada, usilie kwa sauti. Dada. Ulichaguliwa. Soma mwenyewe, shika. Ulichaguliwa, dada.

FUNDI: Nimesikia.

NAHODHA: Na usikie. Dada kaenda kwenye usaili wa kazi hii kwa viatu vya kuazima. Kila jioni anakuuliza, barua imekuja? Barua zote za mtaa zinashushwa gereji kwako. Na wewe unanawa mikono, unakaa mezani, unasema hapana, mke wangu, labda wamechukua wenye vyeti. Mpaka akaamini. Leo alikuwa anakwenda kwa shangazi kukaa tu, apumzike kuhesabiwa. Hakujua kama ana pa kwenda pengine.

FUNDI: Ningempa.

NAHODHA: Lini?

FUNDI: Ningempa. Siku kumi na mbili nimeibeba mfukoni, kila siku nasema leo. Mtu mwingine angeichoma! Mimi sikuichoma.

NAHODHA: Umeichana.

FUNDI: Nimeikata. Kwa wembe. Kufuata mistari. Jana nilipofika kwenye boti sikuwa na karatasi nyingine mfukoni, nikasema hii ndiyo inafaa, itakaa hapo, haitapotea...

NAHODHA: Mstari mmoja pointi ya juu, mstari mmoja pointi ya chini. Umeweka barua ya mtu mahali pa salama, kweli. Iliyobaki iko wapi?

FUNDI: Mfukoni.

NAHODHA: Baki nayo. Jina lake watakuwa nalo kwenye daftari lao.

FUNDI: Hospitali ile ina watu wengi. Madereva, walinzi, wanaume wa kila namna. Mpishi anaonwa na kila mtu. Wewe hujui wanaume.

NAHODHA: Nimejifunza wawili. Baba na wewe.

FUNDI: Sijawahi kumpiga! Mwulize. Hata kofi. Mwulize!

NAHODHA: Hujampiga. Umemkwaruza mistari. Shemeji, saa tano na nusu. Kuvuka mpaka hospitali ni saa moja na nusu, maji yakiwa mazuri. Niache nifanye kazi.

FUNDI: Haitawaka.

NAHODHA: Tutaona.

FUNDI: Haitawaka, nakwambia, karatasi imekaa usiku kucha, imenyonya mafuta, imeacha nyuzi.

NAHODHA: Naziona. Nyuzi ndogo ndogo, kama za pamba. Nazifuta kwa kidole—

FUNDI: Usiguse pointi kwa kidole!

NAHODHA: Kwa nini?

FUNDI: Kidole kina jasho. Kina mafuta. Ukigusa ndio umeiua, cheche itakuja dhaifu, utafika katikati ya maji ikuzimikie.

NAHODHA: Basi nifanyeje?

FUNDI: [pikipiki inapungua kasi] Umenizuga tena.

NAHODHA: Safari hii hapana. Hili Baba hakunifundisha. Nilikuwa naweka kidole.

FUNDI: [honi, sauti za watu barabarani] Chukua kadi ngumu, safi. Si gazeti, gazeti lina wino. Pitisha katikati ya pointi, vuta. Geuza upande, vuta tena. Usisugue na msasa, bado ni mpya. Chini na juu, zote.

NAHODHA: [anafunika simu] Dada, una kadi yoyote? Ya nini? Ya kliniki inafaa. Kata pembe. [anaachia] Napitisha. Inatoka nyeusi.

FUNDI: Mpaka itoke nyeupe.

NAHODHA: Nyeupe. Sasa ya chini... nyeupe.

FUNDI: Zungusha kwa mkono, angalia zinaachana.

NAHODHA: Zinaachana. Upana wa ukucha mwembamba.

FUNDI: Ndiyo hiyo. Sikukuambia chochote mimi.

NAHODHA: Hukuniambia. Narudisha plagi. Kibati nitakifungia ng'ambo.

FUNDI: Funga kibati! Maji yakirukia humo— Aa. Fanya utakavyo.

NAHODHA: Skrubu mbili basi. Dada, lete. [chuma kinagonga] Pikipiki imezimwa, shemeji. Uko wapi?

FUNDI: Hapa.

NAHODHA: Hapa wapi?

FUNDI: Kwenye mteremko. Juu ya vibanda vya sabuni. Nawaona. Yule ni yeye, kitambaa cha njano. Kile kitambaa mimi ndiye niliyemnunulia.

NAHODHA: Usishuke.

FUNDI: Nani ataniz—

NAHODHA: Hakuna atakayekuzuia. Nakuomba tu usishuke.

FUNDI: Mpe simu.

NAHODHA: Anakataa kwa kichwa.

FUNDI: Muulize tena.

NAHODHA: Nimemuuliza. Anaangalia maji. Shemeji, kwaheri. Simu naiweka kwenye benchi, kamba inataka mikono miwili. [simu inagonga mbao]

FUNDI: Usikate! Nahodha! [kamba inavutwa. Mashine inakohoa, inanyamaza] Haloo? Mwambie sishuki. Nimekaa. Nimekalia jiwe hapa, Mama Sabuni ananiangalia. [kamba. Mashine inakohoa mara mbili] Mwambie gereji nimeiacha wazi, kwa hiyo naondoka sasa hivi, asiwe na wasiwasi kwamba nitamfuata. Nahodha, unasikia? Choki! Irudishe choki nusu, unaizamisha kwa petroli! Nusu!

[kamba. Mashine inawaka.]

FUNDI: Eh. Eh, imewaka. Imewaka kwa mvuto mmoja wa nusu choki. Sikiliza hiyo sauti. Halafu mtu aniambie koili zimekufa. [mashine inaongeza mwendo] Haloo? Nahodha? Bado mko kwenye simu? Sisikii vizuri, lakini simu haijakatika, naona dakika zinahesabiwa. Mpelekee simu sikioni. Basi kama hataki kusema asiseme. Mimi namwona mgongo tu. Mwambie ageuke. [maji, mashine] Asigeuke basi, ageuke wa nini, atapata kizunguzungu, huwa anapata. Ainue mkono. Mmoja tu, hivi, kidogo. Mwambie ainue mkono, shemeji, mimi nitaona. Haloo? Mwambie ainue tu mkono.

[mashine]